Kaburi la Wasio na Majina Lisigeuzwe Kokoto

Yako makaburi yasiyo na jina wala tarehe, ambayo hapana mtu anayekwenda kuyapalilia. Yamekaa juu ya vilima na kwenye migongo ya matuta, katika nchi kavu inayoanzia kaskazini mwa Tanzania, ikapita Bonde la Ufa la Kenya, ikafika Ziwa Turkana na kuendelea mpaka Ethiopia na Somalia. Kwa macho ya mpita njia kila moja ni rundo la mawe tu. Mchungaji huketi juu yake akiangalia mbuzi wake. Dereva wa lori hulitazama kwa jicho jingine, akakisia zitatoka tripu ngapi. Na mtafuta mali hulitazama kwa jicho la tatu, kisha akangojea usiku.

Miaka mingi iliyopita nilifundisha katika shule iliyokuwa chini ya kilima chenye rundo la namna hiyo. Tulikuwa tukiwapandisha wanafunzi pale katika somo la jiografia, ili waone kijiji, mto na barabara kama vinavyochorwa katika ramani. Watoto walilizunguka rundo lile kwa hatua arobaini. Siku moja nilimwuliza mzee wa pale ni kazi ya nani. Alinijibu, "Mwalimu, sisi tulipokuja tuliyakuta. Wenyewe hatuwajui, ila twajua kuwa mtu hajibebi mwenyewe mpaka juu ya mlima." Kisha akaokota jiwe, akaliweka juu ya mengine, tukashuka.

Nilipopita tena huko, baada ya kustaafu, nilipanda kilima kile kwa taabu ya magoti. Katikati ya rundo palikuwa na shimo la kina cha kifua cha mtu mzima. Mawe yalikuwa yametupwa ovyo mteremkoni. Juu ya udongo uliochimbuliwa kulikuwa na vipande vya mifupa vilivyokwisha kuwa vyeupe kwa jua, na chini, karibu na njia, mawe mengine yalikuwa yamepangwa vizuri yakisubiri gari. Niliuliza nani aliyechimba na alipata nini. Hapana aliyejua, au hapana aliyetaka kusema. Lakini swali la pili naweza kulijibu mimi mwenyewe: hakupata dhahabu. Hakuweza kuipata, maana haikuwamo. Alichofanya ni kuvunja kumbukumbu ya pekee waliyotuachia watu wale, akaondoka mikono mitupu, na sisi tukabaki mikono mitupu pamoja naye.

Nakusudia katika makala haya kusema jambo moja tu, nalo ni kwamba rundo la mawe juu ya kilima ni hati ya historia ya watu wa kawaida, hati isiyo na nakala ya pili. Na kwamba ulinzi wake hautegemei wataalamu wachache waliopo katika miji mikuu, bali unategemea mtumishi wa umma na mwalimu aliyepo karibu na kilima chenyewe.

Kwanza tuelewane juu ya kitu tunachokizungumza. Si kila rundo la mawe ni kaburi. Huko Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, wakulima wa zamani walikusanya mawe ili kusafisha mashamba yao, na marundo yao yapo mpaka leo. Mengine ni alama za njia, na mengine ni kazi ya maumbile. Lakini mengi yaliyopo vileleni na matutani ni makaburi kweli, na baadhi yake ni ya kale sana. Wafugaji wa kwanza wa sehemu zetu, waliokuwa na ng'ombe, mbuzi na kondoo lakini hawajajua kufua chuma, walifika pande za Ziwa Turkana yapata miaka 5,000 iliyopita, na kaskazini mwa Tanzania wakawako miaka 3,000 hivi iliyopita. Makazi yao yamechimbuliwa Luxmanda, mkoani Manyara. Makaburi yao ya mawe yako katika kreta ya Ngorongoro, ambako Mjerumani Hans Reck aliyachimba katika enzi ya ukoloni wa kwanza, na baadaye Mary Leakey naye akayachimba na kuchapisha matokeo yake mwaka 1966. Yaliyomo ndani ya makaburi ya watu hao, popote yalipochunguzwa kwa utaratibu, ni mifupa, shanga, mabakuli ya mawe, michi ya kusagia na vigae vya vyungu. Hayo ndiyo mali yao.

Desturi ya kumheshimu maiti kwa mawe haikufa pamoja na watu hao. Waandishi wa mwanzoni mwa karne ya ishirini walieleza jinsi Wamasai walivyomzika laiboni au mzee mwenye heshima chini ya mawe, na jinsi kila apitaye alivyoongeza jiwe lake. Kusini mwa Afrika, Wazulu nao wana marundo ya njiani ambayo msafiri huyaongezea jiwe akitaka safari njema. Kwa hiyo yule mzee aliyeniongoza juu ya kilima hakuwa akicheza. Alikuwa akitimiza wajibu wa jirani kwa jirani asiyemjua.

Sasa, hati hii inasema nini? Nitatoa mfano mmoja ambao ningependa kila mwalimu wa historia aujue. Magharibi mwa Ziwa Turkana, nchini Kenya, katika eneo la Lothagam lenye matuta ya miamba yanayoinuka juu ya tambarare, pana kaburi kubwa la mawe lenye nguzo za mawe meusi zilizosimamishwa juu yake. Mwaka 2018 watafiti walioongozwa na Elisabeth Hildebrand wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, Marekani, wakiwamo na wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Kaburi hilo lilijengwa na kutumiwa kati ya miaka 5,000 na 4,300 hivi iliyopita. Wajenzi walitengeneza jukwaa la mawe la duara lenye upana wa mita 30 hivi. Katikati walichimba shimo pana, na humo wakawa wakizika watu wao kwa karne kadhaa. Shimo lilipokwisha kujaa walilifunika kwa mawe, wakasimamisha juu yake nguzo ambazo baadhi yake zilitolewa umbali wa kilometa nzima. Kwa makadirio ya watafiti, waliozikwa humo hawapungui 580.

Idadi hiyo peke yake inatosha kumshangaza mtu. Lakini jambo kubwa zaidi ni namna watu hao walivyozikwa. Walikuwamo wanaume na wanawake, vikongwe na watoto wachanga, wote mahali pamoja. Hapakuonekana chumba cha mkubwa wala pembe ya wanyonge. Karibu kila mmoja alikuwa na mapambo yake: shanga za maganda ya mayai ya mbuni, shanga za mawe ya rangi, vitu vya pembe ya kiboko. Mmoja alikuwa na pambo la kichwa lililotengenezwa kwa meno zaidi ya 400 ya panya wa jangwani, kazi ya mikono yenye subira isiyo na kifani. Mapambo hayo hayakulimbikizwa kwa wachache wakati wengine wakienda kaburini mikono mitupu.

Ndugu msomaji, tulifundishwa vitabuni kwamba jengo kubwa ni alama ya mfalme mkubwa. Tuliambiwa kuwa bila ya mtawala mwenye kiboko, na bila ya tabaka la watumwa na wavuja jasho, watu hawawezi kuhamisha mawe mazito wala kuendelea na kazi moja kizazi baada ya kizazi. Wafugaji wa Turkana wanajibu hoja hiyo kwa mawe yao. Walijenga kwa pamoja, wakazikana kwa pamoja, na hapana ishara ya kwamba alikuwapo bwana mmoja aliyeamrisha. Tena hawakujenga wakati wa neema. Mvua za kale zilikuwa zikipungua, na ziwa lilikuwa likirudi nyuma, likiacha ukavu palipokuwa na maji. Katika dhiki hiyo, watu waliotawanyika na mifugo yao walihitaji mahali pa kukutana, na mahali hapo palikuwa makaburini mwa wazee wao. Wahenga walisema mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Watu wale walijua kuwa mkono mmoja haupandishi nguzo pia.

Sitaki kuwapamba kuliko walivyokuwa. Kaburi haliwezi kutueleza kila ugomvi wa wafugaji wale, wala mahali pamoja hapawezi kusemea Afrika nzima. Huko Nakuru, kwenye kilima kiitwacho Hyrax Hill, yaani kilima cha pimbi, Mary Leakey alichimbua mwaka 1937 na 1938 makaburi ya kale yaliyofunikwa kwa mawe. Aliona jambo la ajabu: wanawake walizikwa pamoja na vyombo vya mawe, lakini wanaume hawakuwa navyo. Je, vyombo hivyo vilikuwa heshima ya mama, au vilikuwa alama ya kazi aliyobebeshwa? Wasomi wanaweza kubishana mpaka usiku. Lakini angalia, ndugu msomaji, kwamba wanaweza kubishana kwa sababu moja tu: vyombo vilikutwa mahali vilipowekwa, karibu na mwenyewe. Laiti mtu angalitangulia kuvitoa na kuvipeleka sokoni, tungekuwa na mabakuli ya kuvutia na swali lenyewe lisingalizaliwa.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Watu wengi hudhani kuwa thamani ya kaburi la kale imo katika kitu kinachotolewa, na kwamba kikishatolewa na kuwekwa kabatini, kazi imekwisha. Sivyo. Thamani imo katika mahali. Shanga moja kiganjani ni shanga tu. Shanga ile ile shingoni mwa mtoto, mtoto akiwa amelala ubavu karibu na mtu mzima, chini ya tabaka la mawe ambalo juu yake kuna tabaka jingine, ni habari nzima. Kipande cha makaa kilichokaa chini ya jiwe ambalo halijaguswa huweza kupimwa na kutueleza umri wa kaburi. Kipande hicho hicho kikichanganywa na udongo wa juu kwa sepeto hakisemi tena neno la kuaminika. Mwenye kuchimba usiku kwa pupa ni kama mtu aliyeingia maktaba, akazichana kurasa zote akitafuta noti iliyofichwa katikati ya kitabu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wala msomaji asidhani kuwa mtaalamu mwenye cheti hana lawama. Kuchimba ni kubomoa, hata kukifanywa kwa brashi. Ndiyo maana wale wa Lothagam walichimba sehemu ndogo tu, wakatumia na vyombo vya kupima chini ya ardhi bila ya kuifukua, na sehemu kubwa wakaiacha kwa ajili ya watu watakaokuja na elimu iliyo bora zaidi. Huo ndio uungwana wa elimu. Wataalamu wa enzi za ukoloni hawakuwa na uungwana huo daima. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Serikali ya Berlin ilieleza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni. Ilionekana kuwa 904 yalitoka sehemu ambazo leo ni Rwanda, 202 Tanzania na 22 Kenya. Mengi yalinyakuliwa makaburini. Leo nchi zetu zinadai watu wake warudishwe, na zina haki. Lakini tutadai kwa uso gani mifupa iliyobebwa na mgeni zaidi ya miaka mia iliyopita, ikiwa ile iliyobaki juu ya vilima vyetu tunaitawanya sisi wenyewe kwa sururu?

Swali hilo linanileta kwa maadui wa makaburi haya, nao ni wawili.

Adui wa kwanza ni uvumi wa mali za Wajerumani. Katika mikoa mingi ya Tanzania yapo masimulizi kwamba Wajerumani, walipokuwa wakishindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, walifukia dhahabu na fedha, wakaacha alama za mawe ili wajukuu wao waje kuzichukua. Kwa imani hiyo watu wamechimba chini ya michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na wamechimba makaburi. Mtu akiona rundo la mawe juu ya kilima husema, "Hii ndiyo alama." Tuwaeleze wananchi hesabu iliyo rahisi. Wajerumani walitawala hapa kwa miaka isiyozidi thelathini na mitano. Marundo mengi ya aina hii yalikuwa yamekwisha kuota kuvu na nyasi mamia ya miaka, na mengine maelfu ya miaka, kabla babu yake Mjerumani huyo hajazaliwa. Aliyezikwa humo hakuwa na sarafu, maana sarafu zilikuwa hazijafika kwake.

Simwiti kila mchimbaji mhalifu mwenye roho mbaya. Wengi ni vijana wasio na kazi, waliodanganywa na watu wawili: mganga aliyeota ndoto, na mjanja wa mjini anayekodisha chombo cha kutambua madini. Hao wawili hulipwa kabla ya sururu kugusa ardhi. Kijana ndiye anayebaki na malengelenge na kesi. Kwa hiyo elimu tunayoihitaji hapa si ya kulinda wafu peke yao, ni ya kulinda walio hai wasiibiwe.

Adui wa pili ni mwepesi zaidi na hana hila yoyote. Ni lori la kokoto. Barabara hutaka mawe, shule hutaka msingi, zahanati hutaka msingi, na mawe yaliyokusanywa tayari juu ya kilima ni rahisi kuliko mawe ya kupasua. Hapana mwenye nia mbaya. Mtu anatekeleza mpango wa maendeleo, amepewa muda, na amepewa fedha zisizotosha. Kaburi lililochukua vizazi kujengwa humalizika kabla ya chai ya saa nne.

Tusidhani hata hivyo kuwa ugonjwa huu ni wa Afrika peke yake. Magharibi mwa Ireland, karibu na mji wa Sligo, pana mlima Knocknarea wenye kimo cha mita 327, na juu ya kilele chake rundo la mawe lenye upana wa mita zaidi ya 50 na kimo cha mita 10 hivi. Lilijengwa na wakulima wa kale yapata miaka 5,000 iliyopita, wakati ule ule wafugaji wa Turkana walipokuwa wakisimamisha nguzo zao. Masimulizi ya nchi hiyo husema kuwa malkia Medb amezikwa humo akiwa wima, akiwaelekea maadui zake. Rundo hilo halijachimbuliwa mpaka leo. Lakini watalii hulipanda, miguu yao huporomosha mawe, na wengine huondoka na jiwe kuwa kumbukumbu. Ikabidi wakuu wa huko wawaombe watu wakome kulipanda. Nchi yenye fedha na vyuo vikuu vya karne nyingi bado inahangaika na jambo hili. Tofauti ni kwamba wao wamekwisha kukubaliana kuwa rundo lile ni lao na kwamba ni historia. Sisi bado hatujakubaliana.

Na sababu ya kutokukubaliana ni kasumba. Mwaka 1933 msomi mmoja Mwingereza, G.W.B. Huntingford, aliandika juu ya kazi za mawe za nyanda za juu za Kenya akizitia katika ustaarabu alioupa jina la Azania, ambao kwake ulikuwa umetoweka. Mwaka 1963 Hugh Trevor-Roper, profesa wa historia wa Oxford, alisema kuwa katika Afrika pana historia ya Wazungu tu, na mengine ni giza. Wanafunzi wao wa Kiafrika walikua, wakapata madaraka, na baadhi yetu tukaendelea kuyaona mawe yale kama walivyotufundisha: ama kazi ya wageni waliopotea, ama mawe matupu. Anayechimba dhahabu ya Mjerumani juu ya kilima anafanya, bila ya kujua, kosa lile lile la profesa. Haamini kwamba Mwafrika wa kale angeweza kuacha kitu chenye maana. Kama kuna alama, basi lazima ni ya Mzungu.

Najua yuko mtumishi atakayesoma makala haya na kuuliza, "Shule yangu haina madawati, zahanati haina dawa, nawe wataka nihangaike na mawe ya wafu?" Swali lake ni la haki, na sitalijibu kwa maneno matamu. Ingekuwa kulinda kaburi kunahitaji bajeti, ningenyamaza, kwa kuwa dawati la mtoto lina haki ya kutangulia. Lakini kulinda rundo la mawe hakuhitaji fedha. Hakuhitaji uzio, mlinzi wala semina. Kunahitaji mtu mmoja, siku moja, aseme, "Mawe haya yaacheni, chukueni yale ya korongoni." Kuacha ni kazi isiyo na gharama, ila lazima awepo mwenye kuamuru kuacha.

Sheria ipo upande wake. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, ambayo hulinda vitu vya kale vilivyotengenezwa na mikono ya watu kabla ya mwaka 1863, na hukataza kuvichimba bila ya kibali. Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Kwa hiyo si lazima kaburi liwe na kibao cha Serikali ndipo liheshimiwe. Mtendaji wa kijiji anayeruhusu kilima kifukuliwe kwa sababu "hapana barua iliyotukataza" anapaswa kujua kuwa barua iliandikwa zamani, na inamhusu.

Basi tufanye nini? Mtendaji wa kijiji na wa kata waandike katika kumbukumbu za ofisi zao marundo yaliyomo katika eneo lao, kwa jina la kilima na maelezo mafupi, ili ofisa ajaye baada yao ayakute katika jalada. Mhandisi, kabla ya kuonyesha mahali pa kutoa mawe, aulize wazee swali moja: yale ya juu ni ya nani? Akijibiwa kuwa waliyakuta, hilo lenyewe ni jibu la kutosha kumfanya ageuze gari, na apeleke habari kwa wanaohusika na mambo ya kale. Ofisa utamaduni asingojee ngoma za sikukuu peke yake. Kilima nacho ni sehemu ya kazi yake.

Lakini mzigo mkubwa naubebesha kwa walimu, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao, na mimi mwenyewe nilikosa. Nilipandisha watoto wa darasa baada ya darasa juu ya kilima kile. Niliwaonyesha mto, niliwaonyesha barabara, niliwaonyesha kaskazini. Kitu kilichokuwa chini ya miguu yetu sikuwaonyesha. Sikuwaambia kuwa pale amelala mtu aliyefuga ng'ombe kabla ya chuma, na kwamba wenzake walibeba kila jiwe kwa mikono. Watoto wale sasa ni watu wazima. Huenda mmoja wao ndiye aliyeshika sururu, na mwingine ndiye aliyeendesha lori. Nikiwalaumu, nijilaumu kwanza mimi. Asiyefunzwa na mwalimu wake atafunzwa na mjanja wa mjini.

Mwalimu ampeleke mtoto kilimani, ampe penseli na karatasi, apime rundo, alichore, aandike masimulizi ya wazee, asiguse kitu, kisha kila mmoja aokote jiwe la mteremkoni na kulibakiza hapo hapo mteremkoni. Nasema hivyo makusudi. Desturi ya kuongeza jiwe ilikuwa nzuri kwa waliokuwa wakijua wanachokiheshimu. Sisi wa leo, kwa kadiri tulivyokwisha kuharibu, heshima yetu ni kutoongeza wala kupunguza.

Mwenye ngome ana jina lake ukutani. Sultani ana kaburi lenye maandishi. Gavana ana barabara iliyopewa jina lake, hata kama baadaye hubadilishwa. Mchungaji aliyekufa miaka 3,000 iliyopita hana kitu ila mawe ambayo wenzake walimpandishia mlimani. Mzee wangu alisema kweli: mtu hajibebi mwenyewe mpaka juu ya mlima. Yuko aliyembeba, yuko aliyemfunika, na wako waliorudi mwaka hata mwaka kumwongezea jiwe. Walikwisha kufanya sehemu yao ya kazi, tena kwa jasho. Sehemu iliyobaki kwetu ni nyepesi kuliko yao, nayo ni kuyaacha mawe yale pale walipoyaweka.